Ngozi Nyembamba Juu ya Maji

Somo la sayansi kwa madarasa ya juu, na kwa wote wenye kupenda kujua



Katika somo hili tutajifunza juu ya kitu chembamba sana: tabaka ambalo unene wake ni molekuli moja tu. Tena tutaangalia namna moja ya pekee, ni kusema molekuli zenye umbo la sahani, na tutauliza zinafanya nini zikiwekwa juu ya maji au juu ya kioo. Wengine watasema: hayo ni mambo ya Ulaya, ya mashine kubwa, sisi hapa Makiso tuko na beseni na ubao tu. Tunamwomba mtu wa namna hiyo asome mpaka mwisho. Ataona kama kazi hii ilianzia katika beseni ya jikoni, na kama yeye mwenyewe anaweza kupima molekuli kwa tone moja la mafuta ya ngazi.

Kwanza tushike kipimo. Ukikata milimita moja vipande milioni moja vilivyo sawasawa, kila kipande ni nanomita moja (1 nm). Unywele wa kichwa chako unaweza kuwa na unene wa nanomita 50 000 mpaka 100 000. Mambo ya somo hili ni ya nanomita moja, mbili, tatu.

1. MPAKA NI NINI?

Mahali vitu viwili vinapokutana bila kuchanganyika tunapaita mpaka. Maji ya mto na hewa vina mpaka. Mafuta na maji ndani ya sufuria vina mpaka. Kioo na rangi iliyopakwa juu yake vina mpaka vile vile.

Molekuli ya maji iliyo katikati ya ndoo inavutwa na wenzake kutoka pande zote: juu, chini, kuume na kushoto. Lakini ile iliyo juu kabisa, kwenye mpaka wa hewa, haina wenzake upande wa juu. Basi inavutwa ndani tu. Ndiyo maana uso wa maji unakazwa, karibu kama ngozi ya ngoma, na mdudu mdogo anatembea juu yake bila kuzama.

Sasa tuchukue mafuta ya ngazi. Molekuli yake ina mikia mitatu mirefu, mingi kati ya hiyo ikiwa na atomi 16 au 18 za kaboni, na yote mitatu imefungwa mahali pamoja penye oksijeni. Mkia hautaki maji. Pale penye oksijeni panapenda maji. Ukitia mafuta kidogo sana juu ya maji safi, kila molekuli inatafuta namna ya kutosheleza pande zake zote mbili: kichwa chini ndani ya maji, mikia juu hewani. Ni sawasawa na watu waliosimama mtoni, miguu ndani ya maji, kifua nje. Kama nafasi inatosha, hakuna anayepanda juu ya mabega ya mwenzake. Hilo ndilo tabaka la molekuli moja.

Angalisho. Wengi wetu tumeona pale bandarini, karibu na mashua za injini, rangi nyingi zinazong'aa juu ya maji kama upinde wa mvua. Hilo si tabaka la molekuli moja. Kwa kutoa rangi hizo, mafuta yanapaswa kuwa na unene wa nanomita mia kadhaa, ni kusema molekuli nyingi zilizopandana. Tabaka la molekuli moja halina rangi hata kidogo. Liko, lakini jicho halilioni. Basi, watu walilijua namna gani?

2. KUTOKA KIJIKO MPAKA BESENI

Benjamin Franklin, Mmarekani aliyekaa London, alitia mafuta juu ya ziwa dogo la Clapham siku ya upepo. Habari yake ilichapishwa mwaka 1774. Alisema mafuta hayakuzidi kijiko cha chai, lakini yalienea na kutuliza mawimbi mahali pakubwa, labda nusu ya eka. Franklin hakufanya hesabu iliyofuata. Tuifanye sisi.

Kijiko cha chai ni karibu 5 cm³, ni kusema 0,000005 m³. Nusu ya eka ni karibu 2 000 m². Unene ni ujazo ugawanywe kwa eneo:

0,000005 ÷ 2 000 = 0,0000000025 m, au 2,5 nm.

Tazama! Kwa kijiko na ziwa, mtu alikaribia kipimo cha molekuli wakati ambapo hakuna aliyekuwa amehakikisha kama molekuli zipo. Ilipita zaidi ya miaka mia mbele ya Lord Rayleigh, mwanafizikia wa Uingereza, kufanya hesabu hiyo vizuri kwa mafuta ya zeituni, mwaka 1890. Alipata karibu 1,6 nm.

Lakini aliyetupatia chombo cha kazi hii ni msichana. Agnes Pockels alizaliwa mwaka 1862 na alikaa Braunschweig, Ujerumani. Wakati ule, wasichana hawakupokelewa katika chuo kikuu kule. Yeye alikaa nyumbani, akitunza wazazi wake na kufanya kazi za jikoni. Ndugu yake mdogo alisoma fizikia na kumpatia vitabu. Kuanzia umri wa miaka kama 18 mpaka 20, Agnes alipima uso wa maji kwa vitu vya nyumbani. Alikuwa na beseni ndefu ya bati iliyojaa maji mpaka ukingoni. Juu yake aliweka kipande cha bati kinachogusa maji. Akikisukuma, uso wa maji pamoja na uchafu au mafuta yaliyo juu yake unabanwa mahali padogo. Kisha alipima nguvu ya uso kwa kuinua kifungo cha nguo kwa mizani ndogo: uso ukiwa safi, unashika kifungo kwa nguvu; ukiwa na mafuta yaliyobanwa, unakiachilia upesi.

Mwezi wa kwanza mwaka 1891 alimwandikia Rayleigh barua. Rayleigh aliona kama kazi ni ya kweli, akaomba gazeti la Nature liichapishe, na ikatoka mwezi wa tatu mwaka ule ule. Kisha Irving Langmuir, katika Marekani, alitengeneza beseni ya namna hiyo kwa uangalifu mwingi zaidi. Mwaka 1917 alionyesha kama molekuli za mafuta zinasimama juu ya maji, kichwa chini, mkia juu. Alipewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1932. Mwaka ule ule wa 1932 chuo kikuu cha Braunschweig kilimpa Agnes Pockels heshima ya udaktari. Alikuwa karibu na miaka 70.

Mwenzake Langmuir, Katharine Blodgett, aliongeza jambo moja kubwa: ukizamisha kioo polepole ndani ya beseni hiyo na kukitoa, tabaka linapanda juu ya kioo. Ukirudia, unapata mawili, matatu, hata mengi, na unajua hesabu yake kamili. Mwaka 1938 alifunika kioo kwa tabaka 44 kikaacha kurudisha mwanga.

3. FIMBO NA SAHANI

Sasa tunafikia molekuli zetu. Darasani tunajifunza hali tatu: kitu kigumu, kitu cha majimaji, na hewa. Katika kristali ngumu, kama chumvi, kila kitu kina mahali pake, kama madawati yaliyopangwa safi. Katika majimaji hakuna mpango, kama wanafunzi wakati wa mapumziko. Lakini mwaka 1888 Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea katika mji wa Praha, alipasha moto kitu kilichotokana na kolesteroli, akaona jambo la kigeni. Kwa digrii 145,5 kiliyeyuka, lakini kikabaki cheupe kama maziwa. Kwa digrii 178,5 kikawa safi kama maji. Kitu kimoja kilikuwa na viyeyuko viwili! Katikati ya hizo mbili kulikuwa na hali nyingine: kitu kinachotiririka kama maji, lakini molekuli zake bado zimeshika mpango. Hali hiyo inaitwa kristali ya majimaji. Ni kama wanafunzi wanaotembea kwenda uwanjani, wote wakitazama upande mmoja: wanasogea, lakini mpango upo.

Kwa muda wa karibu miaka 90, kristali za majimaji zilizojulikana zilikuwa na molekuli ndefu kama fimbo. Fimbo zinalala upande mmoja, hilo ni rahisi kufahamu. Kisha mwaka 1977, katika mji wa Bangalore, Uhindi, Sivaramakrishna Chandrasekhar pamoja na wenzake Sadashiva na Suresh walionyesha kama sahani nazo zinaweza. Walichukua pete ya benzeni, ile ya pembe sita tunayoichora ubaoni, na kwa kila pembe wakafunga mkia mmoja wa asidi ya mafuta. Pembe sita, mikia sita. Mikia hiyo ni ya jamii moja na ile ya mafuta ya ngazi, ila ni mifupi zaidi.

Katikati ni bapa na gumu, pembeni ni laini na inacheza. Zikipashwa moto kwa kiasi, sahani hizo zinapandana moja juu ya nyingine na kufanya nguzo. Nenda sokoni, tazama mama anayeuza masahani: amezipanga nguzo kwa nguzo, na nguzo zimesimama karibu karibu. Ndivyo ilivyo. Nguzo zinaweza kupishana na kuteleza, kwa sababu mikia laini iko katikati yao kama mafuta kwenye cheni ya baiskeli.

Msifikiri kama sahani ni vitu vigeni kwetu. Klorofili, ile inayofanya pori letu la Tshopo kuwa la kijani, ina pete bapa yenye magneziamu katikati. Damu yetu ina pete ya jamii ile ile, na chuma katikati. Na kuna pete moja yenye shaba katikati, inaitwa ftalosianini ya shaba. Mwenzake yenye chuma katikati ilionekana kwa bahati katika kiwanda cha Grangemouth, Scotland, mwaka 1928, na tangu 1935 ile ya shaba inauzwa kama rangi. Buluu ya vitabu na magazeti ya rangi hutoka mara nyingi kwa hiyo ya shaba. Peke yake ni unga mgumu tu, lakini ukiifungia mikia kuizunguka, nayo inakuwa kristali ya majimaji ya sahani. Shaba tunaijua, Katanga imejaa shaba. Kinachofanya rangi hii iwe na bei ni maarifa ya kupanga atomi kuizunguka shaba hiyo.

4. JUU YA MAJI: KULALA AU KUSIMAMA?

Hapa ndipo moyo wa somo. Fimbo ya mafuta juu ya maji inajua la kufanya: kichwa chini, mkia juu. Lakini sahani ina njia mbili. Inaweza kulala bapa juu ya maji, sawasawa na sahani iliyowekwa mezani. Au inaweza kusimama kwa ukingo wake, sawasawa na sahani zilizooshwa na kuwekwa wima zikauke.

Hakuna jicho linaloziona. Lakini beseni ya Agnes Pockels inatoa jibu, tena kwa hesabu ya darasa la tatu. Tuchukue sahani ya mfano: upana wake 2 nm, unene wake 0,4 nm.

Ikilala, inashika eneo la duara: 3,14 × 1 × 1 = 3,14 nm².
Ikisimama, inashika upana mara unene: 2 × 0,4 = 0,8 nm².

Tofauti ni karibu mara nne! Basi mtafiti anapima kiasi kidogo cha unga wa molekuli, anauyeyusha ndani ya kitu kinachokauka upesi, kama klorofomu, na kudondosha matone juu ya maji. Klorofomu inaondoka, sahani zinabaki. Kwa kuwa alipima uzito, anajua hesabu ya molekuli. Kisha anasukuma kizuizi polepole. Mwanzo sahani zimetawanyika, hakuna nguvu. Zinapoanza kugusana, kizuizi kinasikia msukumo. Hapo anasimama na kugawanya.

Tuseme ametia molekuli 3 × 10¹⁶, na msukumo umeanza wakati eneo lilipobaki 240 cm². Sentimita mraba 240 ni 2,4 × 10¹⁶ nm². Tugawanye: kila molekuli ina 0,8 nm². Basi zimesimama. Angepata karibu 3 nm², angejua kama zimelala.

Na kama hajatosheka, akiendelea kusukuma? Tabaka la sahani zilizolala linaweza kubadilika: zinaanza kuinuka, ukingo kwa ukingo, mpaka zinasimama kama vitabu katika rafu. Akizidi tena, hakuna nafasi hata ya kusimama. Tabaka linavunjika, linakunjamana, na molekuli zinapandana. Mtu anayesoma mchoro wa msukumo na eneo anaona hatua hizo zote, moja kwa moja, bila kuona molekuli hata moja.

5. NI NINI KINACHOAMUA?

Kuna vitu vitatu vinavyovutana.

Cha kwanza, maji. Kama sahani ina oksijeni nyingi kuizunguka, maji yanaita pande zake zote, na njia ya kuitikia ni kulala bapa.

Cha pili, sahani zenyewe. Nyuso zao bapa zinapendana. Kila moja inataka kugusa uso wa mwenzake, na kwa kufanya hivyo juu ya maji zinapaswa kusimama kwa ukingo na kufanya nguzo iliyolala juu ya uso wa maji.

Cha tatu, mikia. Haitaki maji. Ikiwa mirefu na mingi, inatafuta njia ya kwenda hewani.

Mkemia anayejua mambo haya matatu anaweza kuamua mbele ya kazi. Akitaka sahani isimame, anafunga kitu kinachopenda maji upande mmoja tu wa ukingo, na upande mwingine anaacha mikia inayochukia maji. Sahani haina njia nyingine: ukingo unaopenda maji unazama, mwingine unaelekea juu. Suresh, mmoja wa wale watatu wa Bangalore, aliendelea miaka mingi kuchunguza tabaka kama hizo za sahani juu ya maji, na namna zinavyopanda juu ya kioo kwa njia ya Langmuir na Blodgett.

6. JAMBO HILI LINATUHUSU NINI?

Mtu anaweza kuuliza: zilale, zisimame, sisi tunapata nini?

Jibu la kwanza liko machoni petu. Skrini nyingi za ordinateri za miaka ya 1990 na 2000 zilitumia kristali ya majimaji ya fimbo. Ukizitazama mbele, picha ni safi. Ukizitazama kwa pembeni, weusi unakuwa kijivu na rangi zinageuka. Wanafunzi watano wakikusanyika mbele ya mashine moja, yule wa pembeni haoni vizuri. Kampuni ya Fujifilm ya Japani ilipata dawa katika miaka ya 1990: utando wenye sahani za trifenileni, unaobandikwa juu ya skrini. Sahani inageuza mwanga kwa njia iliyo kinyume cha fimbo, basi kosa la fimbo linafutwa na sahani. Na tazama namna zilivyopangwa: chini, kwenye mpaka wa ngozi inayozibeba, sahani karibu zinalala, juu, kwenye mpaka wa hewa, zinainuka, katikati zinageuka kidogo kidogo. Mipaka miwili inatoa amri mbili, na utando mzima unatii zote mbili. Skrini nyingi za leo zinatumia njia nyingine, lakini utando ule ulifanya kazi kubwa.

Jibu la pili ni umeme. Ndani ya nguzo ya sahani, umeme unaweza kuruka kutoka sahani moja mpaka nyingine, kwa sababu nyuso zao ziko karibu sana. Kwa pembeni, kutoka nguzo moja mpaka nyingine, mikia inauzuia. Basi nguzo ni kama waya mdogo uliovikwa mpira. Sasa fikiri: katika seli ya jua, umeme unapaswa kutoka uso wa chini mpaka uso wa juu. Basi nguzo zinapaswa kusimama, ni kusema sahani zilale bapa juu ya kioo. Lakini katika transista umeme unapita kwa upande, juu ya uso. Basi nguzo zinapaswa kulala, na sahani zisimame kwa ukingo. Molekuli ni moja, utando ni mmoja. Zikikosa mwelekeo, kifaa hakifanyi kazi. Mwaka 2001 watafiti walionyesha seli ya jua ya majaribio iliyotumia sahani za namna hii.

Tuseme kweli: mabamba ya jua tunayoyaona juu ya nyumba za Kisangani yanatengenezwa kwa silisiamu, si kwa sahani hizi. Mtu asiwadanganye sokoni. Kazi ya sahani bado iko zaidi katika maabara. Lakini ulizo lililobaki ndilo lile lile la somo letu: namna ya kuziamuru zilale au zisimame juu ya mpaka, mahali pakubwa, bila kosa.

7. KAZI YA MIKONO

Sahani za benzeni haziuzwi hapa. Lakini kanuni ya Franklin na Pockels inafanya kazi kwa mafuta ya ngazi. Kazi hii ifanyike wawili wawili.

Vitu: beseni au sinia pana (cm 40 au zaidi), maji ya mvua, pudra ya mtoto, waya mwembamba, rula yenye milimita, mafuta ya ngazi kidogo.

a) Osha beseni kwa maji ya moto mara nyingi. Usiache sabuni hata kidogo, maana sabuni nayo inaenea juu ya maji, na itashika nafasi mbele ya mafuta. Msitie vidole ndani ya maji: ngozi ya mtu ina mafuta.

b) Tumia maji ya mvua yaliyo safi. Maji ya mto yana vitu vingi vinavyoelea tayari juu ya uso wake.

c) Pasha mafuta moto kidogo ili yawe majimaji yote. Chovya ncha ya waya uliokunjwa, kisha kung'uta mpaka libaki tone dogo sana. Mmoja ashike waya karibu na rula, mwingine asome upana wa tone. Ukiwa na kioo cha kukuza, ni vizuri zaidi. Mnatafuta tone la 0,5 mm.

d) Nyunyiza pudra juu ya maji, kidogo sana, iwe kama vumbi. Gusa maji katikati kwa tone. Pudra itakimbia na kuacha duara safi. Pima upana wake upesi, mara mbili au tatu kwa pande mbalimbali.

Hesabu ya mfano. Tone la upana wa 0,5 mm lina ujazo wa 4/3 × 3,14 × 0,25³ = 0,0654 mm³. Tuseme duara lina upana wa cm 20, basi eneo lake ni 3,14 × 100² = 31 400 mm². Unene ni 0,0654 ÷ 31 400 = 0,0000021 mm, karibu 2 nm.

Ukipata kati ya 1 na 3 nm, umefanya vema. Ukipata 20, tafuta sabuni, au pudra nyingi mno. Na jua hili: ujazo unatokana na upana mara tatu, basi ukikosea upana wa tone kwa sehemu moja ya kumi, jibu litakosea kwa karibu sehemu tatu za kumi. Kwa hiyo fanyeni mara tano, na kila mmoja asome rula bila kusikia namba ya mwenzake.

8. MAULIZO

1. Juu ya nini uso wa maji unakazwa, lakini katikati ya maji hakuna kukazwa?

2. Tone la mafuta lina upana wa 0,4 mm na linafanya duara la cm 15. Tafuta unene wa tabaka. (Jibu: karibu 1,9 nm.)

3. Mtafiti anatia molekuli 1 × 10¹⁶ za sahani yetu ya mfano juu ya maji. Msukumo unaanza kwa eneo la 314 cm². Sahani zimelala au zimesimama? Onyesha hesabu.

4. Mtafiti yule anaendelea kusukuma mpaka 80 cm² bila tabaka kuvunjika. Nini kimetokea kwa sahani?

5. Unataka kutengeneza seli ya jua kwa sahani. Utachagua molekuli yenye oksijeni kuizunguka pande zote, au yenye kitu kinachopenda maji upande mmoja tu? Eleza.

6. Mwenzako anasema ameona "tabaka la molekuli moja" lenye rangi nyingi ndani ya kiziba cha bandarini. Utamjibu nini?

Majibu ya 3 mpaka 6 yatazungumzwa darasani. Kila mmoja aje na karatasi yake.

Wapenzi, mwaka 1963 Makanisa ya Kiprotestanti yalifungua chuo kikuu hapa katika mji wetu, wakati nchi ilikuwa katika taabu nyingi. Kazi ile ndiyo iliyoendelea mpaka leo katika Chuo Kikuu cha Kisangani, na humo kuna kitivo cha sayansi. Mmoja wetu atakayeingia pale hatakuta kila chombo. Lakini aliyejifunza kupima vizuri kwa beseni atajua la kufanya na chombo kikubwa siku atakapokipata. Na dada zetu wanaoambiwa kama sayansi ni ya wavulana, na kama kazi yao ni kuosha masahani, wakumbuke mahali Agnes Pockels alipoanzia.

Beseni ziko. Mvua ya Kisangani haikosi. Tuanze.